Kufunga Nzi kwa Ajili ya Samaki Nisiyemjua

Wiki niliyostaafu, wasichana wa karakana waliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, ili atakayeajiriwa kesho asianze akipapasa kama nilivyoanza mimi. Sijui kama walitaka kweli au ilikuwa adabu tu kwa mzee anayeondoka. Nimeandika hata hivyo. Kama walikuwa wanatania, shauri yao.

Kazi yangu ilikuwa kufunga nzi. Ukisema hivyo sokoni Karatu, watu wanakutazama mara mbili. Mama mkwe wangu, siku ya kwanza kusikia, aliniuliza kama nzi waliojaa zizini kwake hawatoshi. Nikamweleza kwamba hawa ni nzi wa bandia: ndoana ndogo unaivisha uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu wa mtoni, na wageni wanairusha juu ya maji kwa ufito mrefu mwembamba, ili samaki anayeitwa trauti adanganyike. Akauliza, wakimpata wanamla? Nikasema hapana, wanampiga picha na kumrudisha majini. Akasema basi na mimi nimeingia kwenye kazi za watu wasio na shida.

Loji yetu ilikuwa katika shamba la zamani la kahawa, juu ya mji, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Kijito kilitoka humo msituni, maji yake baridi ya kuuma meno. Wakoloni waliwaleta trauti wakiwa mayai, wakawamwaga humo, wakazoea. Mwenye loji alikuja kuona kwamba wageni wanaotoka kuangalia tembo na faru wako radhi kukaa siku zaidi kwa ajili ya samaki mmoja. Akaona pia kwamba nzi wanaweza kufungwa hapahapa na wanawake, na wengine kuuzwa nje. Ndipo ilipojengwa karakana nyuma ya gereji, chumba kirefu chenye madirisha ya kaskazini na benchi moja la mbao.

Nilifika asubuhi ya ukungu, viatu vimejaa tope jekundu, nikitegemea kazi ya kufua mashuka. Msimamizi wa wakati huo alinipeleka kwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, mzaliwa wa kijiji cha Kansay, jina lake Paskalina. Alinisalimu kwa Kiiraki, lugha ya kwetu, nikaitika, basi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniomba mikono, akaigeuza juu chini kama anayenunua viazi, akasema, "Ina magamba ya jembe. Itakamata uzi. Nenda kasugue kwa mafuta, urudi kesho."

Nilirudi kesho. Muda mrefu hakuniruhusu kugusa ndoana. Nilizungushia uzi njiti za kiberiti, duru kando ya duru, bila kupishana wala kuacha nafasi, na nikimaliza anaukata kwa wembe ili nianze upya. Niliponyanyua nzi wangu wa kwanza kumwonyesha, alimweka kiganjani, akampulizia, akasema huyo ni fagio. Wa pili akasema ni fagio lililotumika. Kwa miaka yote sikumsikia akimsifu mtu kwa mdomo. Kama nzi wako alikuwa mzuri, alimtia kwenye kasha bila neno, na wewe ulijua.

Nyie mnaoanza, haya aliyonifundisha bado ni kweli. Jiliwa, ambalo makanika wanaliita vaisi, likaze hadi ndoana ilie ukiigusa kwa kucha. Uzi upake nta ya nyuki kabla haujahitaji. Mkasi wa manyoya usikatie uzi, na mkasi wa uzi usikatie chochote cha mwenzako. Na tundu la ndoana, pale mvuvi anapopitisha mshipi wake, liache wazi. Tone moja la vanishi likiliziba, kazi yote ni takataka. Mteja hataona ulivyopanga mabawa; ataona tundu lililoziba, akiwa mtoni na vidole vya baridi, na atakulaani bila kujua jina lako.

Manyoya tuliyatafuta wenyewe. Yanayofaa kwa nzi wa kuelea ni ya shingo ya jogoo mzee, marefu, membamba, yanayong'aa. Siku za mnada nilizunguka na Paskalina kwenye matenga ya kuku, yeye akikamata jogoo mmoja mmoja na kumpulizia shingoni. Tulikuwa hatuulizi uzito wala umri wa nyama. Wauzaji walianza kunong'ona. Mama mmoja alimnyang'anya jogoo wake mikononi, akasema hauzi kuku kwa mambo ya mganga. Paskalina hakujieleza. Aliniambia njiani kwamba ukweli wenyewe ungemtisha zaidi yule mama.

Jambo moja lililonishangaza mapema ni kwamba hakuna aliyewahi kutuonyesha mto. Njia ya kwenda kijitoni ilikuwa ya wageni na waongozaji wao. Wageni walihitaji utulivu, tuliambiwa, na samaki huogopa vivuli vya watu. Trauti niliyemjua mimi alikuwa wa kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya mlango, madoa meusi mgongoni na mstari wa waridi ubavuni. Nilimfungia nzi miaka nikimtazama pale ukutani.

Paskalina ndiye aliyenishusha. Jikoni kulikuwa na upungufu wa watu, tukaombwa kuwapelekea wageni chakula cha mchana. Tulipokwisha kukabidhi vikapu hakurudi kwa njia. Alinipitisha kwenye majani, mbali kidogo, akavua viatu, akaingia majini na kugeuza jiwe. Chini yake kulikuwa na wadudu wadogo, wa rangi ya majivu, mkia wa nyuzi mbili. Mmoja alikuwa amepanda kwenye jani. Mgongo wake ulipasuka taratibu, akatoka humo mwingine mwenye mabawa, amelowa, anatetemeka.

"Huyu ndiye wanayemla," Paskalina akasema. "Wale tunaofunga sisi ni wadudu wa kwao huko Ulaya."

Tulikaa tumeinama hadi miguu ikafa ganzi. Alipokuwa msichana alichunga mbuzi kando ya maji, na alimkumbuka mdudu huyo tangu wakati huo, ila hakuwahi kuwa na sababu ya kumtaja. Tuliporudi tulianza kumtafutia nguo. Manyoya ya jogoo yalikuwa mekundu mno. Sungura alikuwa mweupe mno. Mwishowe mwili tukaufanya kwa sufu ya punda wa jirani yangu, ile laini ya chini ya tumbo, na miguu kwa unyoya wa kanga wenye madoa. Tuliwafunga wengi na kuwatupa wengi. Nakumbuka tulikuwa tunacheka. Nalisema hili kwa sababu ndicho kipindi pekee nilichokwenda kazini nikikimbia.

Mwongozaji mmoja alimpa nzi wetu mgeni mmoja mrefu ambaye alikuwa hajapata kitu tangu afike. Jioni alirudi analia kwa furaha, mwanaume mzima. Alikuwa amewapata trauti hata ameacha kuhesabu. Mwenye loji alileta soda karakana, akatushika mkono mmoja mmoja. Mgeni naye aliomba heshima ya kumpa jina nzi huyo, na kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa kwenye chama cha wavuvi huko kwao, alikubaliwa papo hapo. Nzi akaitwa Basta. Alipigwa picha, akaingia kwenye kitabu cha bidhaa, maagizo yakaja kwa maboksi. Tulifunga Basta hadi tukawaota. Baadaye sana mwongozaji akatuambia Basta ni nani. Alikuwa mbwa wa yule mgeni.

Paskalina aliposikia hakukasirika kama mimi. Aliuliza tu kama mbwa mwenyewe bado yu hai.

Sasa niseme kuhusu macho, kwa kuwa nyie bado mna macho. Benchi lile lilikuwa na mwanga mzuri asubuhi, lakini maagizo hayakuwa yanaisha asubuhi. Ndoana zilizidi kuwa ndogo kila mwaka, kwa sababu wavuvi wa siku hizi wanapenda nzi wasioonekana. Paskalina alianza kusogeza kichwa karibu na jiliwa. Kisha akaanza kupapasa mkasi aliokuwa ameuweka mwenyewe. Mmoja wetu alianza kumtungia uzi mapema kabla hajafika, mwingine akampangia ndoana kwa ukubwa. Mimi nilikaa pembeni yake, na kabla ya kasha lake kuondoka nilipitisha sindano kwenye kila tundu. Alijua. Siku moja alinisogezea kasha bila kugeuka na kuniambia, "Fausta, usije ukaharibu kazi yako kwa ajili yangu." Nikajibu kwamba sijui anazungumzia nini.

Wakati huo msimamizi alikuwa Elibariki. Elibariki aliletwa karakana akiwa kijana asiyeweza kufunga kamba ya kiatu, na Paskalina ndiye aliyemshika vidole na kumfundisha. Alikuwa na akili, akapanda, na sina kinyongo na kupanda kwake. Mzigo mmoja ulirudishwa na wanunuzi, matundu ya ndoana yameziba. Ulikuwa wa wiki niliyokuwa msibani kwetu. Elibariki alipewa amri amtafute mwenye kosa, naye alimjua kabla hajaingia mlangoni, kama sisi sote.

Alisimama mbele ya benchi na kuweka ndoana ndogo kabisa kwenye jiliwa la Paskalina. Akamwomba, kwa adabu kabisa, apitishe uzi kwenye tundu lake. Paskalina alinyoosha mkono, akaipapasa ndoana kwa ncha ya kidole, akaijua ukubwa wake, akautaja. Kisha akarudisha mkono mapajani.

"Elibariki," alisema, "unajua kuwa sioni. Umekuja ili hawa wote waone kwamba sioni?"

Elibariki alitazama sakafu. Alisema ni maagizo, mama yangu. Alimwita mama yangu. Nilisimama mimi, nikasema Paskalina anaweza kuchambua manyoya kwa mikono. Anajua unyoya laini na mgumu kuliko mwenye macho yeyote humu ndani, na kazi hiyo ipo kila siku. Elibariki akasema wazo ni zuri, atalifikisha juu. Alilifikisha, nadhani. Jibu lilikuja kwamba hakuna nafasi ya namna hiyo. Paskalina aliagwa kwa keki, blanketi na chupa ya chai, akapanda pikipiki kurudi Kansay akiwa amekumbatia blanketi lile bado kwenye nailoni yake. Kabla ya mvua kuanza, aliajiriwa binti wa kuchambua manyoya.

Binti huyo hakuwa na hatia. Nilimfundisha vizuri. Lakini tangu hapo, Elibariki akinisalimia nilikuwa namwitikia kama mtu anayelipa ushuru.

Baada ya hapo mambo yalishuka. Kijito chenyewe kilianza kupungua. Loji ziliongezeka kila upande, kila moja na bwawa la kuogelea na bustani ya majani mabichi wakati wa kiangazi. Wakulima nao waliweka mipira ya kumwagilia vitunguu na kabichi, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu mmojawapo ni mume wangu. Mvua zikawa haziji, au zinakuja zote siku moja. Trauti hapendi maji ya moto. Walianza kuonekana wakielea tumbo juu kwenye kona za mto, na mpishi, ambaye ni mtu wa ziwani Mwanza, alikatazwa kuwachukua wasije wageni wakamwona.

Mwenye loji alichimba mabwawa juu ya shamba na kununua vifaranga vya trauti. Vililishwa chakula cha punje kutoka magunia, na kabla ya wageni wavuvi kufika, waongozaji walikuwa wanajaza samaki kwenye ndoo na kuwamwaga kijitoni. Mgeni akiwapata anashangilia uzuri wa maji ya msituni. Mwongozaji Lazaro aliniambia anaona haya, lakini ana watoto shule.

Na nzi wakaanza kuja wamefungwa tayari kutoka nje, kwenye mifuko, rahisi kuliko bei ya ndoana zetu tupu. Tulidhani karakana itafungwa. Afadhali ingefungwa. Kijana mmoja wa masoko kutoka Arusha alikuja na wazo kwamba nzi wetu ni sanaa. Kuanzia hapo tulikata ncha za ndoana na kufunga nzi kwa ajili ya hereni na vibanio vya funguo vya duka la zawadi. Walitaka rangi kali: waridi, zambarau, kijani cha kasuku. Siku moja nilikaa na ndoana isiyo na ncha mkononi, nikifikiria njiti za kiberiti, wembe na yale mafunzo yote ya mwanzo, halafu nikamalizia hereni ya kushoto na kuanza ya kulia.

Mimi nami niliazima miwani ya mwenzangu, kisha nikanunua yangu, kisha ikawa haitoshi. Nilijua njia hiyo inaelekea wapi. Niliomba kustaafu kabla sijawekewa ndoana mbele.

Siku ya kuagwa nilielezwa kuwa kuna keki. Elibariki, mwenye mvi sasa, aliniuliza mbele ya watu kama kuna kitu ningependa kwa kumbukumbu. Nadhani alitegemea niseme picha ya pamoja. Nikasema nataka kuvua trauti. Watu walicheka, halafu wakaona sicheki. Meneja alikuwepo, wageni walikuwepo wanapiga picha, hakuna aliyeweza kukataa.

Lazaro alinishusha kijitoni, Elibariki na wachache wakifuata. Nzi aliyefungwa kwenye mshipi alikuwa wa dukani, wa kule nje. Nilimwangalia: kichwa kikubwa, uzi umepishana. Lazaro alinionyesha jinsi ya kurusha, mkono unasimama kama mshale wa saa sita, kisha unashuka. Mara ya kwanza nilinasa jani, ya pili nikanasa kofia ya Lazaro. Baadaye nzi akatua majini, vibaya, na trauti akamrukia. Ndoo ilikuwa imemwagwa asubuhi ileile. Samaki wale wangekula hata kifungo. Lakini ufito ulipinda, na nilisikia uzima ukitikisika kwenye kiganja changu, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Lazaro alimtoa kwa wavu. Nilimwona kwa mara ya kwanza karibu. Rangi yake ilikuwa imepauka kuliko ya kalenda, na mapezi yameliwa na zege la bwawa. Alipoinama kumrudisha majini nikamwambia amlete hapa.

Elibariki alisogea. "Mama Fausta, unajua utaratibu wetu. Tunawarudisha."

"Utaratibu ni wa wafanyakazi," nikasema. "Mimi nimestaafu tangu asubuhi."

Nilimpiga samaki kichwani kwa jiwe, nikamfunga kwenye majani, nikamtia kikapuni chini ya kipande cha keki. Nilidhani Elibariki atabisha. Akasema taratibu nimsalimie, bila kutaja nani. Hilo nimeliandika kwa kuwa ni haki yake.

Nilichukua pikipiki hadi Kansay. Paskalina alikuwa amekaa ukutani upande wa jua, haoni kabisa sasa, anapukuchua mahindi kwa kasi ya kutisha. Tuliamkiana kwa Kiiraki. Nikamwambia nimemletea mgeni. Aliweka samaki mapajani, akampitisha vidole kuanzia kichwani, akahesabu mapezi kimyakimya, akagusa mdomo pale ndoana ilipopita. Mkwe wake alikataa hata kumsogelea. Katika nyumba ile hawali samaki. Nikampara mwenyewe, nikamkaanga kwa mafuta ya alizeti na chumvi, tukapewa ugali, tukakaa wawili.

Paskalina alimega kipande, akakitafuna kwa muda mrefu. Alitoa mwiba mmoja, akaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupima wembamba wake.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye huyu."

"Ana ladha ya tope."

Nilionja. Ilikuwa kweli. Tope, na kwa mbali kidogo, chakula cha gunia. Nilimwambia aache tu, nimwite paka. Alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono tena kwenye sahani, akala ubavu wake wote mpaka mifupa, bila haraka, kama mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa zamani. Kisha akaomba maji ya kunawa.